Uhuru wa Kupewa na Uhuru wa Kujitwalia: Dhamira Kuu za Uhuru wa Watumwa Zikitazamwa kutoka Bonde la Chini la Mto Tana

1. Utangulizi

Kitabu cha James Mbotela, Uhuru wa Watumwa, kilichochapishwa na Sheldon Press mjini London mwaka 1934, kina nafasi ya ajabu katika historia ya fasihi ya Kiswahili. Kwa upande mmoja hutajwa karibu kila panapozungumziwa chimbuko la riwaya ya Kiswahili. Kwa upande mwingine, wahakiki wengi wakishakitaja hukiacha upesi, kana kwamba kina aibu ndani yake. Sababu haifichiki. Kitabu kinasimulia kutekwa, kusafirishwa na kukombolewa kwa watumwa wa Afrika ya Mashariki, na kinamshukuru Mwingereza kwa ukombozi huo kwa sauti ambayo masikio ya baada ya 1963 hayakuipenda. Hivyo kimewekwa katika fungu la fasihi ya kasumba, na mjadala ukafungwa hapo.

Makala haya yanadai kwamba mjadala huo ulifungwa mapema mno. Dhamira kuu ya kitabu, yaani uhuru kama kitu mtu anachopewa na kupaswa kukishukuru, haikuzaliwa na utumwa wenyewe. Ilizaliwa na mahali masimulizi yaliposimamia, napo ni Freretown, makazi ya misheni yaliyokuwa Kisauni, ng'ambo ya kisiwa cha Mombasa. Ili kulithibitisha dai hili inafaa kitabu kisomwe kutoka mahali pengine pa pwani hiyo hiyo: bonde la chini la Mto Tana, kuanzia Garsen, kupitia vijiji vya Wapokomo kama Wema, Hewani na Ngao, hadi Kipini na msitu wa Witu. Huko, katika miaka ile ile ambayo Freretown ilikuwa ikijengwa, watu waliokuwa watumwa walijipatia uhuru kwa miguu yao wenyewe. Kwa kuyaweka masimulizi ya Freretown kando ya historia ya Tana, itadhihirika kitabu kinasema nini, kinanyamazia nini, na ni sehemu gani yake isiyostahili kutupwa pamoja na shukrani zake.

2. Mtunzi, mahali na wakati

Mkataba wa tarehe 5 Juni 1873 baina ya Uingereza na Sultani Barghash wa Unguja ulipiga marufuku usafirishaji wa watumwa baharini na kufunga masoko yao. Aliyetumwa kuuanzisha mjadala wa mkataba huo, Sir Bartle Frere, ndiye aliyeachia jina lake makazi ambayo wamisionari wa Church Missionary Society waliyaanzisha katika miaka ya 1874 na 1875 kwa ajili ya watu waliookolewa majahazini na manowari za Kiingereza. Watu hao, waliojulikana pwani kwa jina la mateka, walitoka mataifa mengi ya bara. Walikutanishwa na Waafrika waliokuwa wamelelewa na kusomeshwa Bara Hindi, walioitwa Wabombay, na wote wakaundwa kuwa jamii moja chini ya kengele ya misheni. Mbotela ni mwana wa jamii hiyo: baba yake alikuwa miongoni mwa waliotekwa na kuokolewa. Anachokisimulia, basi, si jambo aliloliona. Ni jambo alilolirithi kwa wazee wake.

Wakati wa kuchapishwa nao una maana. Kamati ya Lugha ya Kiswahili ya nchi za Afrika ya Mashariki iliundwa mwaka 1930, na kabla ya hapo vitabu vya hadithi vilivyokuwa vikienezwa mashuleni vilikuwa hasa tafsiri za riwaya za Kiingereza, kama vile Mashimo ya Mfalme Sulemani. Sheldon Press ilikuwa chombo cha jumuiya ya Kikristo ya SPCK. Mwafrika aliyetaka kuchapishwa katika mazingira hayo alipita katika mlango mwembamba: lugha yake ilipimwa kwa kipimo kipya cha usanifu, na ujumbe wake ulisomwa na watu ambao kukomeshwa kwa biashara ya watumwa ilikuwa hoja yao kubwa ya kuhalalisha utawala. Kusema hivi si kumtetea mtunzi wala kumhukumu. Ni kukumbusha kwamba shukrani zilizomo kitabuni zilikuwa pia ada ya kuingilia mlangoni.

Suala la utanzu limewasumbua wahakiki: je, hii ni riwaya au ni tarihi? Jibu linalofaa ni kwamba kitabu kina mwili wa tarihi na mifupa ya riwaya. Matukio ni ya kihistoria, lakini mpangilio wake, kutoka kijiji chenye amani, kupitia utekwa na bahari, hadi makazi mapya, ni msuko uliochaguliwa. Hapo ndipo dhamira zinapopaswa kutafutwa: katika umbo la safari, kabla ya kauli za sifa.

3. Dhamira ya kutekwa na kuvunjika kwa ujamaa

Sehemu ya kwanza ya kitabu ina uzito ambao wahakiki wa kasumba hawakuupima. Mtunzi anaanza bara, katika maisha ya vijiji kabla ya wavamizi kufika, kisha anaeleza uvamizi, misafara ya kuelekea pwani, kuuzwa, na kupakiwa jahazini. Katika sehemu hii utumwa haumaanishi kazi ngumu tu. Unamaanisha kung'olewa: mtu anatenganishwa na mzazi, na lugha, na mahali ambapo jina lake lina maana. Ukatili wa njiani unaonyeshwa kama mfululizo wa kupungua kwa mtu. Kila hatua inamwondolea kitu, mpaka anapofika pwani ana mwili wake tu, nao una bei.

Dhamira hii haikuhitaji idhini ya misheni, wala haikuwa na haja ya Mwingereza ili iwe ya kweli. Ni kumbukumbu ya jamii iliyokusanywa kutoka vinywa vya watu ambao vijiji vyao havikuwa na njia ya kuandika. Mtoto wa mateka, kwa kuandika kwa Kiswahili, lugha aliyoikuta pwani na ambayo haikuwa ya wazee wake, aliwapa wazee hao mahali pa kutoka. Neno mateka lilikuwa linawaanzishia historia yao siku ya kutekwa. Kitabu kinaisogeza nyuma hadi kijijini. Hapa kuna kitendo cha uhuru ambacho hakuna manowari iliyokitenda, na ni ajabu kwamba mtunzi mwenyewe hakuonekana kukihesabu.

4. Dhamira ya ukombozi na shukrani

Msuko unageuka baharini. Manowari inalikamata jahazi, pingu zinafunguliwa, na watu wanapelekwa mahali pa usalama. Tangu hapo kitenzi kinabadilika mwenyewe. Waliotekwa walitendwa na wavamizi. Sasa wanatendwa na waokozi. Wanachukuliwa, wanavishwa, wanafundishwa, wanabatizwa, wanapewa majina. Kauli ya kutendwa haikomi pale pingu zinapokatwa. Inabadili tu mtendaji. Ndiyo maana msomaji makini huhisi kwamba uhuru unaosimuliwa, ingawa ni wa kweli, haujakamilika kifasihi: wahusika hawana tendo kubwa ambalo ni lao.

Shukrani ndiyo inayojaza pengo hilo. Katika mila za pwani, wema humfunga aliyetendewa. Husemwa kwamba wema hauozi, na asiyekumbuka fadhila hufananishwa na punda ambaye malipo yake ni mateke. Mtunzi, aliyelelewa katika lugha ya mila hizo, aliutafsiri ukombozi kwa msamiati wa fadhila. Tafsiri hiyo ina uzuri wake wa kimaadili, lakini ina hatari moja kubwa: haki haishukuriwi jinsi fadhila inavyoshukuriwa. Uhuru ukiwa haki, aliyeunyang'anywa anarudishiwa kilicho chake na hadaiwi kitu. Uhuru ukiwa fadhila, aliyeupokea huingia katika deni lisilokwisha, na mtoto wake hulirithi. Swali la kitabu kizima limo katika tofauti hii, na kitabu hakiliulizi.

Si kwamba pwani haikuwa na watu waliolijibu swali hilo kwa matendo. Misheni zenyewe ziliwajua. Watoro, yaani watumwa waliowakimbia mabwana wao wa pwani, walikuwa wakijisogeza karibu na Rabai na vituo vingine, na mabwana wao walikuwa wakiwadai. Mwaka 1888 George Mackenzie wa kampuni ya Kiingereza iliyopewa kuitawala pwani alikubaliana na wenye watumwa, akawalipa fidia, na watoro zaidi ya 1,400 wakapewa hati za uhuru. Tukio hili lilisifiwa sana. Lakini likiangaliwa vizuri, linaonyesha watu waliokwisha kujiweka huru wakinunuliwa ili wapewe kile walichokuwa nacho. Hati iliugeuza uhuru wa kujitwalia kuwa uhuru wa kupewa. Uti wa mgongo wa masimulizi ya Mbotela unafanya kazi ile ile ya hati: manowari inashika usukani, na mtoro hapewi nafasi ya kuwa shujaa.

5. Witu: uhuru wa msituni

Mtoro huyo anaonekana vizuri zaidi kaskazini, kwenye bonde la Tana. Mapema katika miaka ya 1860 Ahmed bin Fumo Luti, wa ukoo wa Nabahani uliotawala Pate, aliyejulikana kwa lakabu ya Simba, aliukimbia uwezo wa Sultani wa Unguja na kujiimarisha Witu, katika msitu ulio kaskazini ya mto. Nguvu yake haikutoka kwa Wanabahani pekee. Ilitoka pia kwa watoro wa mashamba ya Lamu, Mpeketoni na kwingineko, waliopokewa wakajenga vijiji vyao na kubeba silaha zao. Kwa mwenye mashamba wa Lamu, Witu ilikuwa pango la wezi. Kwa mtumwa wa shamba hilo, Witu ilikuwa mahali ambapo mtu angeweza kulima kwa jembe lake na kula mavuno yake.

Mwaka 1885 ndugu wawili wa Kijerumani, Clemens na Gustav Denhardt, walifunga mkataba na Simba, na Witu ikawa chini ya himaya ya Ujerumani. Kwa mkataba wa tarehe 1 Julai 1890 Ujerumani iliiachia Uingereza. Septemba mwaka huo Mjerumani Andreas Küntzel na wenzake waliuawa Witu, na mnamo Oktoba jeshi la wanamaji wa Kiingereza chini ya Admirali Fremantle liliuteka mji na kuuteketeza. Mapambano hayakuishia hapo. Mwaka 1893 wanamaji walirudi tena kuzivunja Pumwani na Jongeni, ngome za msituni za wafuasi wa Fumo Omari, ambao miongoni mwao walikuwamo watoro.

Ukweli huu unaibadilisha picha ya manowari. Jeshi la majini lile lile linalofungua pingu katika Uhuru wa Watumwa liliteketeza makazi ya watu waliokuwa wamezikata pingu zao wenyewe. Hakuna ukinzani hapa kwa mtazamo wa dola: mateka wa baharini alikuwa hoja ya kuitawala pwani, ilhali mtoro wa msituni alikuwa kizuizi cha utawala huo. Ukinzani uko kwenye fasihi. Riwaya iliyobeba jina la uhuru wa watumwa wote ilisimulia uhuru wa kundi moja tu, lile ambalo uhuru wake uliweza kushukuriwa. Mtoro hakuwa na wa kumshukuru, na kwa hiyo msuko wa shukrani haukuwa na mahali pa kumweka.

6. Bonde la Tana na bei ya uhuru wa jirani

Ingekuwa rahisi kuhitimisha hapa, kwa kuiweka Witu mahali pa Freretown na kumtawaza mtoro kuwa shujaa mpya. Uhakiki wa kizalendo umewahi kufanya hivyo kwa mashujaa wengine. Bonde la Tana lenyewe linazuia urahisi huo.

Katika kingo za mto, kuanzia eneo la Garsen kwenda chini, waliishi na wanaishi Wapokomo, wakulima wa mpunga, mahindi na ndizi wanaotegemea mafuriko ya mto. Vijiji kama Wema na Hewani vimo katika ardhi hiyo ya tope jeusi, ambayo mto huirutubisha na mara nyingine huifunika. Mkulima wa aina hiyo hawezi kukimbilia msituni: utajiri wake ni kingo za mto, na akiziacha hana kitu. Kwa sababu hiyo Wapokomo walitozwa na kila mwenye nguvu aliyewapakana. Walitoa nafaka kwa wafugaji wa Kioromo, na Witu ilipoinuka nayo ikawatoza. Mto Tana uliunganishwa na Mto Ozi kwa mfereji wa Belezoni, uliochimbwa katika karne ya 19, na mitumbwi iliyoshuka na nafaka iliweza kufika Kau na kulisha dola ya Witu. Zaidi ya hayo, dola hiyo iliyowapokea watoro haikuukana utumwa. Wakubwa wake walikuwa na watumwa wao, na uvamizi wa majirani ulikuwa sehemu ya riziki yake.

Kwa hiyo, uhuru wa kujitwalia nao ulikuwa na mlipaji. Mtoro aliyeukata mnyororo Lamu aliweza kuwa mtoza kodi, au askari wa mtoza kodi, mbele ya mkulima wa Tana ambaye hakuwahi kuwa mtumwa wa mtu. Ikisomwa kutoka Wema, historia ya uhuru haina upande ulio safi. Manowari iliwaokoa wengine na kuwachoma wengine. Msitu uliwahifadhi wengine na kuwatoza wengine.

Hapa ndipo kijiji kinapokisaidia kitabu. Misheni zilifika pia Tana katika miaka ile ile: Wamethodisti wa Kiingereza huko Golbanti mwaka 1885, ambako mwaka uliofuata mmisionari Houghton na mkewe waliuawa katika uvamizi wa Wamasai, na Wajerumani wa misheni ya Neukirchen huko Ngao mwaka 1887. Mkulima aliyebanwa baina ya mfugaji na Witu alikuwa na sababu zake za kumsikiliza mgeni aliyeahidi ulinzi. Akimshukuru, hakuwa amepumbazwa, alikuwa amepima. Mhakiki akilielewa jambo hili kuhusu Ngao, hataweza tena kuzidharau shukrani za Freretown kwa wepesi. Wazee wa Mbotela nao walipima. Waliyalinganisha jahazi na manowari, na hesabu yao haikuwa ya kasumba. Kosa la kitabu haliko katika kusema kwamba wazee walishukuru. Liko katika kuichukua hesabu ya siku moja baharini na kuifanya kuwa maana ya uhuru kwa vizazi vyote.

7. Saada na tupa iliyofichwa mkateni

Bonde hili lilikuwa na masimulizi yake ya minyororo kabla Freretown haijakuwako. Ni kisa cha Fumo Liyongo, ambaye mapokeo yanamhusisha na Shaka na Ozi, karibu na Kipini, na ambacho Muhammad Kijumwa wa Lamu alikitungia utenzi mwaka 1913. Kinajulikana na kila mwanafunzi wa fasihi ya Kiswahili. Liyongo amefungwa gerezani akingojea kuuawa. Saada, kijakazi wa mama yake, anamletea chakula. Ndani ya mkate wa wishwa imefichwa tupa. Ngoma inapopigwa nje, shujaa anaikata minyororo chini ya kelele zake, kisha anatoka.

Kisa hiki kikiwekwa kando ya Uhuru wa Watumwa, tofauti ni bayana. Katika kimoja minyororo inakatwa na aliyefungwa. Katika kingine inafunguliwa na mgeni. Lakini kufanana kwao ni kwa kina zaidi. Liyongo ni mwungwana, na kilichovunjwa ni kifungo chake tu. Saada, ambaye bila yeye pasingekuwa na ukombozi, anaingia gerezani akiwa kijakazi na anatoka akiwa kijakazi. Kisa kinausifu uaminifu wake, lakini hali yake hakiioni kuwa jambo la kuulizwa. Bahari inayopokea maji ya Tana huitwa Ghuba ya Ungwana, na magofu ya mji wa kale wa jina hilo yako karibu na Kipini. Jina hilo linamkumbusha msomaji kwamba, katika lugha ya zamani ya pwani, kinyume cha mtumwa kilikuwa mwungwana, naye alikuwa mtu wa nasaba. Kuachwa huru hakukumfanya mtu kuwa mwungwana.

Mafanikio makubwa ya Mbotela yanaonekana hapa, na ni mafanikio ya kifasihi. Aliwaweka katikati ya kitabu cha Kiswahili watu wasio na nasaba pwani, watu wa tabaka la Saada, na akaweka katika jina la kitabu neno uhuru mahali ambapo fasihi iliyotangulia ingetafuta uungwana. Utenzi ulimpa mtumwa kazi ya kuipeleka tupa. Kitabu cha 1934 kilimpa mtumwa historia, yenye kijiji, wazazi, safari na huzuni. Kwamba hakikumpa tupa ni upungufu wake. Kwamba kilimpa historia ni jambo ambalo fasihi ya waungwana haikuwa imelifanya.

8. Hitimisho

Uhuru wa Watumwa ni kitabu chenye dhamira mbili zisizopatana. Ya kwanza ni ya kung'olewa, nayo imesimama juu ya kumbukumbu za wazee na haidaiwi na mtu. Ya pili ni ya kushukuru, nayo imesimama juu ya ardhi ya misheni. Uhakiki uliokipuuza kitabu kwa sababu ya dhamira ya pili umewanyima wanafunzi ile ya kwanza. Uhakiki unaokisifu kama mwanzo wa riwaya, bila kuuliza ni uhuru wa nani unaosimuliwa, unairudia kazi ya hati za 1888.

Hali ya kisheria ya utumwa ilifutwa katika mwambao wa Kenya mwaka 1907, miaka 14 baada ya Pumwani na Jongeni kuvunjwa. Tarehe hizo mbili zinafaa kufundishwa pamoja na kitabu hiki. Mwanafunzi akisoma jinsi manowari ilivyolikamata jahazi, aambiwe pia manowari hizo zilikwenda wapi baadaye. Akiambiwa habari za Witu, aambiwe na habari za nafaka iliyoshushwa kwa mitumbwi kutoka vijiji vya Tana. Hapo ataweza kumsoma Mbotela bila kumtweza na bila kumtukuza: mtoto aliyesimulia deni la wazazi wake kwa uaminifu mkubwa kiasi kwamba msomaji wa leo, akiyafuata masimulizi hayo hadi mwisho, anaweza kuona kwamba deni lenyewe halikuwa lao kulilipa.